Fungua ya Pili

Kimisagara, Kigali
Jumapili, 12 Januari 1992

Wifi yangu Mukasine,

Nyumba hii yote inakusalimu. Tu wazima, isipokuwa Baba Keza, ambaye mgongo unamsumbua tangu Krismasi na anatembea kama mtu anayetafuta sindano chini. Keza yuko darasa la sita. Muhula uliopita alikuwa wa nne kati ya arobaini na wawili. Kazini kwangu, mtaa wa Muhima, tajiri ameleta mashine mpya ya kuchapa, lakini herufi ya k inagoma, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono. Kaka Rwema aliniandikia mwezi wa kumi na moja kwamba umenenepa, na kwamba umeishonea kwaya yenu ya Kigoma sare za buluu. Hongera kwa yote mawili.

Vita bado viko kaskazini. Waliokimbia huko wanaongezeka hapa bondeni, na watu hawapendi tena kutoka jioni, hivyo mazoezi ya kwaya tumeyahamishia saa tisa alasiri.

Sasa neno lenyewe. Tarehe 30 Agosti kanisa letu litatimiza miaka ishirini na mitano. Sisi wa ibada ya Kiswahili, yaani madereva, mafundi na wachuuzi kutoka kila upande, tumepewa nafasi ya wimbo mmoja mbele ya makanisa yote ya mji. Mzee Cyriaque, mwenyekiti wa kwaya, anaona nyimbo zetu zimezeeka. Unajua huu ni mwaka wangu wa sita kuiongoza kwaya hii, kila Jumatano na kila Jumamosi. Nimekosa mazoezi mara nne tu, na zote nne zimo katika daftari langu la siku. Hata hivyo Mzee amesikia, sijui kwa nani, kwamba wifi yangu wa Kigoma hutunga. Ameniagiza nikuombe wimbo. Aliyeomba ni yeye. Mimi nimetumwa, natimiza.

Ukipata nafasi, andika kwa herufi za sauti, d r m f s l t, yaani do, re, mi hadi ti, kama Baba alivyotufundisha, maana hapa hakuna asomaye noti za mistari. Ukikosa nafasi nitaelewa kabisa.

Barua hii anaileta Muhire, dereva wa lori, anayeimba besi kwetu. Mpe chai, lakini usimwamini kila anachosema.

Ni mimi,
Pudentienne


Kigoma
3 Februari 1992

Wifi Pudentienne, bibi wa daftari,

Salamu zimefika, na unene wangu nao umezisikia. Mwambie kaka yako akija kwako akuoneshe tumbo lake kabla hajataja langu. Watoto wazima. Ihirwe ameota jino la kwanza na ameshalijaribu kwenye kidole changu cha kushonea. Bandarini wanamlipa Rwema kwa kuchelewa, lakini wanamlipa. Kaburi la Baba tulilipalilia sikukuu ya mwaka mpya; nilipanda maua mapya ya manjano.

Eti nikikosa nafasi utaelewa! Wifi, mtu mwenye njaa haambiwi akikosa hamu asile. Wimbo ninao tangu mwaka jana, ulinijia nikiwa kwenye cherehani, na kwaya yangu sijaipa. Nawapa ninyi. Herufi ziko karatasi ya pili. Maneno haya hapa:

Tumetoka mbali, miguu ina vumbi,
Taa yako tumeiona toka bondeni,
Fungua, fungua, Baba, tuingie,
Usituulize tulichelewa wapi.

Tazama mstari wa tatu. Fungua ya kwanza iko kwenye so. Fungua ya pili inapanda, la, la, la, juu, kama mtu aliyebisha hodi mara moja asisikiwe, sasa anaupiga mlango kwa kiganja chote. Wimbo wenyewe uko hapo. Kwingine kote ni njia tu ya kufika hapo. Punguzeni au ongezeni mnachotaka, lakini la yangu msiiguse.

Muhire amekunywa vikombe vitatu. Anasema wewe ni mkali, ukiinua mkono hata nzi wanatulia. Hilo nimeliamini.

Wifi yako,
Mukasine


Kimisagara
Jumapili, 8 Machi 1992

Wifi Mukasine,

Tunamshukuru Mungu kwa afya yenu na kwa jino la Ihirwe. Mimi niliugua malaria kuanzia tarehe 17 Februari hadi tarehe 1 Machi. Sindano sita za kwinini. Masikio yalinivuma kama lori la Muhire likipanda mlima, na mpaka leo sikio la kushoto halijarudi sawasawa. Baba Keza alipika. Tulinusurika na hilo pia.

Wimbo ulifika tarehe 17 mchana. Kwaya imeshaushika. Wanauimba vizuri kiasi. Maneno ya mstari wa nne yamewapendeza baadhi ya watu.

Maua ya manjano kaburini kwa Baba ni sawa, ingawa yeye alipenda meupe.

Ni mimi,
Pudentienne


Kigoma
Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1992

Wifi,

Pasaka njema. Tulikula kuku wawili na samaki mgebuka wa kukaanga, Rwema akaimba mezani hadi jirani akafunga dirisha. Watoto wazima. Kaburini niliongeza maua meupe, yamenyauka; manjano yamebaki. Nadhani Baba amebadilisha mawazo.

Muhire alipita Ijumaa Kuu. Najua, nisimwamini kila anachosema, lakini hiki alikisema kabla hajapewa chai. Anasema wimbo wangu unaimbwa Kigali nzima. Anasema umeimbwa kwenye harusi mbili na mazishi matatu, na kwamba watoto wa Kimisagara wanauimba wakiteka maji. Nikamuuliza: “Wanauitaje?” Akatazama viatu vyake. “Wanauita wimbo wa Mama Pudentienne,” akasema.

Wewe ukaniandikia “vizuri kiasi.” Kiasi gani, wifi? Kile cha kijiko au kile cha ndoo?

Halafu ananiuliza kama nimeshamjibu Mzee Cyriaque. Namwuliza, kumjibu nini? Anasema Mzee kila Jumapili anamsimamisha mlangoni mwa kanisa: “Yule mama wa Kigoma amenijibu?” Mimi sijapata barua ya Mzee yeyote. Wewe unajua habari yake?

Muhire ameahidi kuniletea kaseti. Nangoja kusikia watu wakiugonga mlango wangu.

Mukasine


Kimisagara
Jumapili, 17 Mei 1992

Wifi Mukasine,

Nimefurahi kwamba mlikula vizuri. Mgongo wa Baba Keza ni afadhali. Keza amepata alama 71 katika hesabu, na nimemwambia 71 si 80. Mvua za mwezi huu zimebomoa ukuta wa jirani yetu, matofali yakaangukia jiko letu la nje. Tumelijenga upya kwa siku tatu. Mashine ya kazini imetengenezwa, sasa inayogoma ni herufi ya m. Bei ya maharage imepanda. Sabuni nayo.

Kuhusu wimbo: watu huita vitu wapendavyo. Mtu akiimbisha wimbo kila wiki, watu wanamwona yeye, na asiyeonekana hawana habari naye. Sikuwatuma. Wimbo wa kanisa si mali ya mtu.

Kuhusu barua ya Mzee Cyriaque: barua hupotea siku hizi. Hata za posta zinafunguliwa njiani.

Salimia kaka.

Pudentienne


Kigoma
Jumapili, 21 Juni 1992

Pudentienne,

Watoto wazima, kaka yako mzima, mimi si mzima.

Kaseti imefika. Tuliisikiliza jana mchana kwa redio ya jirani, chumba kimejaa. Mstari wa kwanza, wangu. Wa pili, wangu. Fungua ya kwanza, yangu. Nikajiandaa kupanda. Na kwaya yako ikaanguka! Re, re, re, chini kabisa, kama watu wamekalia ngazi. Nikafikiri kaseti imeharibika. Nikarudisha mkanda. Ikaanguka tena pale pale.

Mimi niliandika la. Nikakuomba kwa mkono wangu usiiguse. Wewe ukaenda ukaitoa, ukaweka yako, ukauita wimbo wako. Sasa nimeelewa kwa nini unaitwa wa Mama Pudentienne. Ulikuwa unaona kwamba bila kunisahihisha hutalala. Tangu nilipoolewa kwenu mimi ni wa kusahihishwa: ugali wangu mgumu, maua yangu si meupe, la yangu iko juu mno.

Ungesema tu. Ungeandika: “Wifi, naona wivu.” Ningecheka, ningekutukana kidogo kama mawifi wanavyotukanana, yakaisha.

Muhire anarudi kesho. Nimempa barua hii, na nimempa nyingine ya Mzee Cyriaque, nikimwuliza aliniandikia nini. Iko kwenye bahasha ya kahawia. Ikipotea nayo, nitajua posta ni nani.

Mukasine


Kimisagara
Jumapili, 19 Julai 1992

Wifi yangu,

Sisi ni wazima. Leo sina habari nyingine za nyumbani.

Muhire alinipa barua yako tarehe 4. Bahasha ya kahawia niliiona mfukoni mwa shati lake. Akaniuliza, “Mama, na hii ya Mzee niipitishe kwako?” Ningesema ndiyo angenipa. Nilimwambia aipeleke mwenyewe. Sikusema hivyo kwa wema. Nilikuwa nimechoka.

Sijui kusimulia kosa langu vizuri. Nikianza tu najikuta najitetea. Kwa hiyo nimenakili kutoka katika daftari langu la siku, kama yalivyo, bila kuongeza neno.

“19 Februari, Jumatano. Homa, siku ya tatu. Kwinini. Sibomana, seremala na katibu wa kwaya, amekuja kunakili wimbo wa M. katika daftari la kwaya, kwa sababu ya mwandiko wake. Nimemsomea kutoka kitandani, herufi moja moja. Anarudia kila nisemacho. Simsikii vizuri. Atawafundisha yeye mpaka nipone.

4 Machi, Jumatano. Nimerudi mazoezini. Sibomana amenipokea mlangoni: ‘Mama mwarimu, wimbo iko tayari!’ Wameimba. Fungua ya pili inaanguka. Nimefungua daftari la kwaya: palipo na l tatu, Sibomana ameandika r tatu. Nilisema la, akasikia ra, akaandika r. Na kwa kuwa r ni re, akawafundisha re. Nilitaka kuwasimamisha. Kwenye benchi la nyuma alikuwa amekaa mama mmoja wa wale waliokimbia vita, mzigo wake magotini. Fungua ya pili ilipoanguka, aliufunika uso kwa khanga. Sikuwasimamisha.

5 Machi. Nimefikiri kutwa kazini kwa nini sikusahihisha. Kwanza nilijiambia ni kwa sababu ya yule mama. Ni kweli nusu. Fungua ya M. ni ya mtu mwenye nguvu bado. Hii ni ya mtu ambaye amebisha mpaka ameishiwa, anaunong’oneza mlango. Nusu ya pili: ikibaki re, si wimbo wake tena.

29 Machi, Jumapili. Tumeimba ibadani. Mchungaji mgeni amenishika mikono yote miwili: ‘Mama, umetunga jambo kubwa.’ Nilisema asante. Neno moja. Sijawahi kuambiwa hivyo tangu nizaliwe.

4 Aprili, Jumamosi. Mzee Cyriaque amenipa barua ya kwenda kwa M. niiweke pamoja na yangu. Haikufungwa. Anamwalika aje mwezi mzima wa Agosti, aongoze wimbo siku ya sherehe, ‘kwa kuwa mwenye wimbo ndiye anayejua moyo wake.’ Mimi nitakaa na waimbaji. Nimeiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza.

17 Mei, Jumapili. Nimemwandikia M. kwamba barua hupotea. Haijapotea. Nimeangalia asubuhi, ipo.”

Hayo ndiyo. Barua ya Mzee naiambatanisha. Ina mkunjo wa vitambaa.

Umeandika kwamba nikutamkie neno. Naona wivu, wifi. Nauona tangu mwaka 1977. Ulikuwa na wiki tatu nyumbani kwetu Kigoma. Baba alikuwa barazani akinifundisha, nimeshika karatasi, nimekosea sauti mara ya tatu. Wewe ulikuwa jikoni unaosha vyombo, huna karatasi, hata hujui herufi, ukaiimba ile sauti kama mtu anayepiga chafya. Baba akainua kidole. “Sikilizeni,” akasema, “jikoni kuna sikio.” Tangu siku hiyo alitufundisha wote wawili, lakini kiti chake alikigeuza kikatazama jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake. Nilijifunza kwa kuhesabu, kwa kuandika, kwa kutokosa mazoezi. Wewe ulikuwa unaosha sufuria.

Kwaya hii ya Kimisagara ndicho kitu changu cha kwanza ambacho wewe hukuwemo. Ukija kuiongoza, hata kwa mwezi mmoja, watasikia tofauti. Nilijua watasikia. Ndiyo maana ya droo.

Jana nimekwenda kwa Mzee Cyriaque nikamwambia yote, nimesimama. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Akasema: “Barua ya mtu mzima mwenzako, Pudentienne?” Jioni aliita kamati, nikakiri tena, nayo imenisimamisha kuongoza miezi mitatu, Agosti hadi Oktoba. Sherehe imo ndani yake. Wamekuita upya, utaona barua ya pili, hii imefungwa kwa gundi.

Pudentienne


Kigoma
12 Agosti 1992

Wifi,

Nimekasirika, kwa hiyo naanza na salamu, tusije tukasahaulishana adabu. Watoto wazima. Rwema anakusalimu na anasema sisi wanawake tuna kazi kubwa ya kujipa kazi.

Barua zote mbili nimezisoma. Ile yenye mkunjo nimeisoma mara nyingi zaidi. Aprili hadi Julai, Pudentienne! Miezi mitatu na nusu ya maisha yangu ilikaa chini ya vitambaa vyako vya meza. Ningeshona nguo ya safari. Ningekuja nikaona mji ambao mume wangu anausimulia kila akilewa. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuandikia tarehe, uiweke kwenye daftari.

Na sitakuja sherehe. Nimemjibu Mzee kwa heshima. Nije nifanye nini? Watu wote hao wameujua wimbo kwa re. Nitainua mkono waende la, wataenda re. Nije nifundishwe wimbo wangu mwenyewe, na kwaya yako?

Kuna jambo sikulisema mwezi wa sita. Ni la siku ile ya kaseti, wimbo ulipoisha. Kaka yako akafuta macho, akasema mbele ya watu: “Mama Ihirwe, hujawahi kutunga kitu kama kile, pale inapoanguka.” Mimi, ambaye nilikuwa nimeshachemka kwa hasira, nilifanya nini? Nikatabasamu. Nikasema asante. Na Jumapili iliyofuata nikaifundisha kwaya yangu, kwa re.

Nilikuchukia kwa sababu nilidhani umeiweka wewe. Nililala macho usiku nikisema, basi Baba aligeuza kiti upande usio. Sasa unaniambia ni seremala mmoja asiyejua kutofautisha r na l! Sijui nicheke au nimlilie nani. Mimi nilisema la, wewe ukasema la, na bado haikuwa la.

Umesema nilikuwa naosha sufuria. Kweli. Na wewe ulikuwa umeketi barazani na baba yako. Unadhani ni nani aliyekuwa akimwonea mwenzake wivu?

Mukasine


Kimisagara
Jumapili, 6 Septemba 1992

Wifi yangu Mukasine,

Tu wazima. Mgongo umepona kabisa, na Baba Keza sasa anatafuta kitu kingine cha kulalamikia. Keza ameanza kuimba soprano na kwaya ya watoto. Nimemkataza kujifunza herufi kwa Sibomana.

Sherehe ilipita salama. Nakusimulia kwa utaratibu, kisha nitakuambia kinachoniuma.

Nilipokiri kwa kamati, niliwaeleza pia kosa la l na r, ili haki yako ijulikane. Nilidhani watasikitika. Walicheka, wifi. Mzee Cyriaque alicheka mpaka akavua miwani. Kisha mmoja akauliza: “Basi ile sehemu tamu ametunga nani?” Wakatazamana. Wote wakamgeukia Sibomana, ambaye alikuwa anaandika kumbukumbu za mkutano. Akaweka kalamu chini. “Mimi?” akasema. Kisha akanyoosha kola yake, akasema: “Ni kweli, niliisikia hivyo moyoni.”

Moyoni! Nilikuwepo. Aliisikia sikioni, tena vibaya.

Na kwa kuwa mimi nimesimamishwa na wewe umekataa, unadhani wamempa nani kuongoza? Alikuja siku ya sherehe na tai nyekundu. Hajui kuhesabu mapigo. Anapunga mikono yote miwili upande mmoja kama mtu anayefukuza kuku. Mimi nilisimama mstari wa pili na wanawake wa alto, kati ya mke wake na mama mmoja anayenuka vitunguu. Makanisa yote yalikuwepo. Nikajiambia, Pudentienne, imba tu.

Tukafika mstari wa tatu. Fungua ya kwanza, so. Halafu sijui kilichonipata. Wote wakashuka re, mimi nikapanda la. Ile yako. Peke yangu, wala si kwa sauti ndogo. Nilitaka walau mara moja iimbwe katika nyumba hii kama ulivyoiandika. Na ningependa kukuambia ni kwa ajili yako tu, lakini nilitaka pia kumharibia Sibomana.

Haikuharibika. Unajua re na la zikikutana. Baba angeinua kidole. Mmoja anaupiga mlango, wengine wamechoka chini yake, sauti mbili zimekaa pamoja kana kwamba zilizaliwa nyumba moja. Kanisa lote liligeuka. Ubeti wa pili, wanawake watatu jirani yangu wakapanda nami. Ubeti wa mwisho, alto wote.

Baada ya ibada nikasubiri nje. Nilijua watakuja kuniuliza. Walikuja, wakanipita. Walimzunguka Sibomana. Mchungaji yule yule wa Machi alimshika mikono miwili: “Kaka, ile ya kugawa sauti mbili, umeitoa wapi?” Sibomana akanitazama kidogo, kisha akatazama juu. “Bwana hutoa,” akasema.

Jumatano ameandika katika daftari la kwaya, kwa mwandiko wake mzuri: r chini, l juu. Sasa anajua l. Chini yake ameandika jina lake. Na anasema anatunga wimbo wa Krismasi. Amenipa nakala nimchapie. Una r kumi na saba.

Wifi, nimekuonea wivu miaka kumi na mitano, na ulikuwa wivu wenye heshima, kwa sababu uliweza. Huu wa sasa unanifedhehesha. Silali kwa sababu ya seremala.

Pudentienne


Kigoma
Jumatatu, 28 Septemba 1992

Wifi,

Watoto watabaki na kaka yako. Amekubali, hakupewa nafasi ya kukataa.

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, nikaisoma tena nimeketi. Ameandika jina lake? Chini ya la yangu?

Karatasi za kuvuka mpaka wa Rusumo nimezipata. Nakuja na lori la Muhire, nitafika Jumamosi tarehe 17 Oktoba, saa tisa, wakati wa mazoezi. Nimeshona nguo ya safari. Usinitafutie kiti mbele; niwekee nafasi mstari wa pili, kati yako na huyo mama wa vitunguu. Yangu na yako hayajaisha, yale ya droo tutayamaliza jikoni kwako, na usidhani nitasema kwa sauti ndogo. Lakini hayo yana subira.

Usimwambie mtu kwamba nakuja. Hasa Sibomana.

Mukasine